Picha ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja, 2010. Asubuhi mvua ilipiga mabati kwa muda mfupi, nadhani ni ya mwisho mwaka huu, kisha jua likatoka kali na matope ya mtaa wetu, Juba na Bari, yakaanza kunuka. Leo binti yetu amevuliwa koti la plastiki la kushikilia mgongo, na daktari amesema asilivae tena.

Naandika nikiwa nimekaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ikinuka damu ya mbuzi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, ukubwani, kambini, kule Turkana. Kazi yangu ni kuziba pancha na kunyoosha rimu za malori pale Nesitu, barabara ya Nimule. Sijui kama mtu wa namna hiyo anafaa kumfundisha mwingine. Lakini leo kwenye benchi la kliniki palikuwa na baba mwenye mtoto aliyepinda mgongo kama wetu. Nilimuuliza mtoto ana miaka mingapi. Alitazama karatasi kabla ya kunijibu. Naandika kwa ajili ya huyo.

Mgongo tuliuona mwanzoni mwa mvua za 2008. Nimeandika tuliuona, si kweli. Tuliona ukaidi. Bega la kulia lilikuwa juu na la kushoto chini, na sare ya shule ilimning'inia upande kama imetundikwa kwenye msumari mmoja. Nilidhani ni maringo ya wasichana wanaokua. Nikamwambia asimame wima. Akasimama, na bado alikuwa amepinda, nikaona ananichezea. Nilimpiga kwa mkanda wa feni wa lori, ule mpira wenye meno. Mara ya kwanza mapigo mawili. Mara ya pili sikuhesabu. Mama yake naye alikuwa akimgonga kati ya mabega kwa mwiko kila alipomwona ameinama upande, lakini simweki kwenye mstari mmoja na mimi, maana mwiko si mkanda.

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Baba, nimesimama."

Siku tatu baadaye mama yake alikuwa anamwosha nywele kwenye karai, mtoto ameinama, gauni limeshushwa. Akaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Mbavu za upande wa kulia zilikuwa zimeinuka kama nundu ya fahali, na za kushoto zimezama. Alama za mkanda wangu zote zilikuwa juu ya ile nundu, hata moja haikuwa upande mwingine. Upande mwingine ulikuwa chini mno, mkanda haukuufikia.

Tulipompeleka kliniki, namba za foleni zilikuwa vipande vya kartoni. Tulikaa tangu saa mbili asubuhi. Mwanamume mmoja aliyevaa kombati alitaka kupita mbele, mlinzi akamzuia, yule mtu akachukua gongo la mgonjwa mwingine na kumpasua mlinzi kichwa. Mlinzi alifungwa bendeji mlangoni palepale, akaendelea kugawa kartoni, damu ikimshuka sikioni. Mke wangu hakuwepo siku hiyo, alikuwa kwenye meza yake ya mboga sokoni. Nilikuwa mimi na mtoto tu. Nalitaja hilo kwa sababu ndipo uongo ulipopata nafasi.

Daktari alikuwa Mganda, mtu mrefu, anakuja Juba kila baada ya miezi michache. Alimpiga mtoto picha ya mgongo, akachora mistari kwa penseli juu ya picha, akapima. Kisha akatazama karatasi yetu. Karatasi ilisema Rejina, amezaliwa mwaka 1993, maana yake kumi na tano. Akasema mbona ni mdogo wa mwili. Nikasema kambi, njaa. Akaitikia kwa kichwa, maana wa namna hiyo amewaona wengi. Halafu akaniuliza kama msichana ameshaanza kuona damu ya mwezi, na tangu lini.

Kwetu baba hasemi mambo hayo mbele ya binti yake. Mtoto alitazama sakafu. Mimi nikatazama karatasi. Nikasema ndiyo, mwaka wa pili sasa.

Daktari akaweka penseli chini kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akanieleza polepole, na nilimwelewa, sitasema sikumwelewa. Mtoto ambaye bado anarefuka, mgongo kama huu humkimbia, hupinda haraka. Aliyekaribia kumaliza kurefuka, mgongo hutulia. Huyu wako amekaribia kumaliza. Hana haja ya kufungwa koti. Mrudishe baada ya miezi sita tuone.

Simlaumu daktari. Alipima kile nilichompa.

Sasa nieleze karatasi. Rejina alikuwa mtoto wetu wa kwanza. Tulipofika kambini mwaka 1996 tuliandikwa watu watatu kwenye kadi ya chakula: mimi, mama yake, na yeye. Viola, huyu mwenye mgongo, alizaliwa mwaka huo huo, na hatukuwa tumemwongeza kwenye kadi. Mwaka uliofuata surua ikamchukua Rejina kwa siku tano. Kwenda kumwandikisha Viola ilikuwa lazima nikaseme Rejina ameondoka, na kulikuwa na maneno kwamba kadi ikiguswa inafutwa yote, usubiri hesabu mpya, na hesabu ilikuwa haijulikani ni lini. Jirani akanishauri: kadi ina watu watatu, nyumba ina watu watatu, umpelekee nani matatizo? Tukamzika Rejina bila kilio. Viola akakulia ndani ya jina la dada yake. Nyumbani tulimwita Viola kwa sauti ya chini mpaka alipoanza shule, tukaacha na hilo. Tuliporudi Juba na karatasi za kurudi, karatasi zikaja na jina la Rejina.

Sikumwua mtu. Nilikuwa najiambia hivyo. Lakini siku ile kliniki nilitoka nikijua kwamba aliyechunguzwa umri ni marehemu, na mgongo ni wa aliye hai.

Mvua za mwaka ule Viola alirefuka kama muwa. Gauni lilipanda juu ya magoti. Nilikuwa na chaki ya kuwekea alama kwenye tairi; nikamsimamisha kwenye mwimo wa mlango nikachora, na baada ya mwezi nikachora tena, na kila alipoongezeka juu aliongezeka pia kwenda pembeni. Mama yake aliuliza mara nyingi daktari alisema nini hasa. Nilimjibu alisema utatulia.

Ilipofika mwezi wa tisa Viola alikuwa halali upande wa kulia, na akipanda mteremko wa kutoka mtoni alisimama kuvuta hewa. Shemeji yangu Santino, kaka wa mke wangu, aliwahi kuwa jeshini na anajua kurudisha bega lililotoka. Alikuja Nesitu akanikuta nanyoosha rimu kwa nyundo.

"Shemeji," akasema, "hii mgongo ni chuma kama hiyo. Unavuta, inakuja."

Nilitaka sana iwe kweli. Siku ya Jumapili, malori machache, tulimleta Viola karakana. Tulimpitisha kamba ya turubai chini ya kwapa, tukaifunga kwenye mnyororo wa kuinulia injini. Fundo nililifunga mimi. Santino alishika miguu. Nilivuta mnyororo, jino moja, jino la pili, na miguu yake ikaacha ardhi. Alikuwa ananitazama. Alisema "Baba" mara ya kwanza kwa kuomba na mara ya pili kwa hasira. Santino akaning'inia kwenye vifundo vya miguu ya Viola kwa uzito wake wote. Kitu kililia ndani ya bega la mtoto, sauti kama gurudumu linaloacha rimu, na kichwa chake kikaanguka kifuani.

Nilifikiri tumemwua. Nilimshusha, na badala ya kumwangalia mtoto nilichukua chuma cha kufungulia tairi nikampiga nacho Santino. Kilimpata sikioni na kikachana nusu ya sikio. Yeye akanivunja jino. Tuliviringishana kwenye oili ya injini huku Viola amelala kando yetu, na mwanamke wa Kiganda anayeuza chai ndiye aliyemmwagia maji akazinduka. Santino alitaka kusaidia. Nasema hivyo kwa haki. Sikio lile ni deni langu, maana mwenye kujua kwamba mtoto bado anakua alikuwa mimi, si yeye.

Kiangazi, mwezi wa kwanza, tulirudi kliniki, safari hii na mama yake. Daktari aliweka picha mbili kwenye dirisha, ya zamani na mpya. Hata mke wangu, asiyejua kusoma, aliona. Ya kwanza ilikuwa kama upinde uliolegea. Ya pili ilikuwa imevutwa.

Daktari alikasirika, si kwetu, alikasirika na picha. Akasema mgongo wa msichana wa kumi na sita haukimbii hivi. Akamwita mpiga picha, Mkenya mmoja tuliyemwita Mutua, ampige picha ya nyonga na ya mkono wa kushoto. Nikauliza kwa nini mkono wakati unaoumwa ni mgongo. Mutua akanijibu huku akiviweka vidole vya Viola juu ya sahani ya eksirei, kimoja kimoja, kama anayepanga samaki: "Mkono hauna siri, mzee. Ngoja tu."

Tulingoja. Benchi lile nalijua mpaka misumari yake. Palikuwa na mwanamke aliyeungua mikono yote miwili, na inzi, na mtoto wake akimpungia kwa kartoni ya namba.

Tulipoitwa, picha ya mkono ilikuwa kwenye dirisha. Mifupa ya vidole ilikuwa na vipande vidogo kwenye ncha, na kati ya kipande na mfupa palikuwa na mstari mweusi, kama mwanga unaopita chini ya mlango ambao haujafungwa. Daktari alikuwa na kitabu cha picha za mikono, mikono tupu, ukurasa hadi ukurasa. Akaweka kidole kwenye mmoja.

"Mkono hii ni ya mtoto wa miaka kumi na mbili," akasema. "Na karatasi inasema kumi na sita. Hizi mbili hazipatani. Kama karatasi ni sawa, basi iko ugonjwa ingine ndani inazuia mifupa kukua. Pengine kwenye kichwa. Lazima aende Kampala apimwe kichwa na damu, na mpaka hiyo ijulikane mimi siwezi kumfunga koti."

Mke wangu akaniuliza amesema nini kuhusu kichwa. Nilikuwa nafikiri Kampala ni miezi, na miezi ile ile mgongo unavutwa. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Ningependa kuandika hapa kwamba niliisema. Sikuisema.

Viola alikuwa amesimama kwenye kona, ameshika blauzi kifuani.

"Daktari," akasema, "Rejina alikufa. Mimi ni Viola. Na damu bado sijaona."

Mama yake alimpiga kofi mpaka kichwa kikagonga ukuta. Mimi nikampiga mama yake. Yeye akaniingizia kucha usoni, na kiti kikaanguka, na picha ya mkono ikadondoka chini tukaikanyaga. Mutua aliingia akanikaba shingo kwa nyuma. Daktari hakupiga kelele. Aliinama akaokota picha, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti lake, akairudisha dirishani.

"Huu mstari mweusi," akasema, "ndiyo muda mnayo. Ukifungwa, umefungwa. Mmepoteza miezi saba. Mnataka kupoteza na saa hii?"

Tukakaa. Akachukua faili jipya. Akamwuliza Viola, si mimi, jina na umri, na yeye akavitaja.

Mke wangu alitangulia njia nzima mpaka mlangoni kwetu, penye alama zangu za chaki. Hapo akageuka, akashika mkono wangu wa kushoto, akaufungua kiganja. Ndani ya kiganja nina kovu la meno. Ni lake. Usiku ule kambini Rejina alipokata roho, mama yake alifungua kinywa alie, nami nikamziba kwa mkono huu ili majirani wasisikie, nikaendelea kuziba mpaka kulipokucha.

"Sikumlilia," akasema. "Ulinipa huyu nimwite jina la yule, nikakubali. Kila siku namwita Rejina na anaitika. Sasa na hilo mmeninyang'anya."



Koti lilitengenezwa kwenye karakana ya miguu ya bandia. Fundi wake ni Lado, mwenye mguu mmoja wa kwake na mwingine wa kazi yake mwenyewe. Ili achukue umbo la mwili kwa plasta, mtoto huvutwa kidogo juu kwa ukanda wa kidevuni. Viola alipoona ukanda unashuka kutoka juu alipiga mayowe, na Lado alipomkaribia alimng'ata mkono mpaka damu. Ikabidi nimweleze Lado habari za mnyororo. Akaniambia nitoke nje, nisirudi mpaka nitakapoitwa. Nilisimama getini. Nilimsikia akimwambia Viola:

"Mimi nilishaumwa na bomu, sasa naumwa na wewe. Bomu ilikuwa na adabu. Iliuma mara moja tu."

Sikusikia mayowe tena. Nilisikia mtoto akicheka, cheko la kukosa hewa.

Miezi ishirini alivaa lile koti, mchana na usiku, isipokuwa saa chache za kuoga na kukauka. Mwenye mtoto atakayevaa, ajue haya. Kiangazi ngozi ya nyonga huchubuka na kutoa maji. Tulipaka spiriti, akapiga mateke, nami nilikaa nikayapokea. Usipake mafuta, hulainisha ngozi ikaoza. Fulana ya pamba ndani, igeuzwe mishono nje. Mikanda niliikaza mimi mwanzoni, goti langu mgongoni mwake, mpaka siku aliponiambia mikono yangu inanuka karakana na hataki. Tangu hapo aliikaza mama yake. Nilikubali. Chakula hali kingi, koti linabana tumbo. Mpe kidogo kidogo. Na shuleni watampiga. Wavulana walimgonga mgongoni kusikia sauti ya plastiki, ko ko ko, mpaka mmoja alipotumia ngumi, na Viola akageuka akamsukuma kwa koti lenyewe, kifua kwa uso. Yule mvulana alipoteza jino la mbele. Niliitwa shuleni. Mwalimu alitaka nimchape mbele yao. Nikasema hapana. Hilo nalo nimeliandika kwa sababu ni moja kati ya machache niliyofanya sawa.

Damu ya mwezi aliiona katika mvua za 2009, akamwambia mama yake, na mama yake akaja kuniambia mimi ili daktari aandike. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kliniki aniambie jambo bila kuulizwa.

Kila daktari alipokuja, mkono wa kushoto ulipigwa picha. Tulijifunza kuusoma. Mke wangu alikuwa wa kwanza kuona mstari unapungua, akauonyesha kwa ukucha kabla daktari hajasema.

Leo haupo. Mifupa imeshikana na ncha zake, nyeupe mpaka mwisho. Daktari akasema mgongo hautakimbia tena, na hautanyooka pia. Bega moja litabaki juu, atavuta hewa vizuri, atabeba mimba siku yake ikifika. Nilimuuliza kama angevaa ile miezi saba ingekuwaje. Alisema hajui, na kwamba hata mimi sitajua. Afadhali angenilaumu.

Tulipotoka mke wangu hakuelekea nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa wauza mbuzi akachagua dume jeusi. Huku kwetu mtu akifa, matanga yakiisha, unachinja, unalisha watu, na chakula hicho tunakiita karama. Rejina hakuwahi kupata karama. Santino nilimtumia habari, akaja na sikio lake, akashika miguu ya mbuzi. Viola alishika pembe. Mimi nilikata. Mbuzi alipigana sana, damu ikaruka mpaka kwenye mwimo wa mlango, juu ya chaki.

Ndipo mke wangu akafungua kinywa. Alilia kama mtu aliyeletewa maiti saa ile. Majirani walikuja mbio, wanawake wamejishika vichwa, wakiuliza ni nani amekufa. Akasema Rejina. Wakatazamana, maana yule wanayemjua kwa jina hilo alikuwa amesimama mbele yao na pembe ya mbuzi mkononi.

"Rejina alikuwa dada yangu," akasema. "Mimi ni Viola."

Mikono yangu niliiweka nyuma. Nilimwacha mke wangu alie mpaka alipomaliza mwenyewe, jua likiwa limeshashuka upande wa mto.

Tulikula nyama ya mbuzi ya kuchemsha na supu yake, ugali wa mtama ambao hapa ni asida, na kudra, mboga ya majani, iliyopikwa na karanga. Majirani walikula, Santino alikula. Viola hakuwa na kitu kinachombana tumbo. Alimaliza sahani ya kwanza, akaenda kwa mama yake na ya pili, na mama yake akampakulia ini.